Punje Kumi za Maharagwe

Kutoka Masimba, Gesusu na Kiamokama hapa Kisii mpaka ng'ambo ya Keroka huko Nyamira, najua wengi wenu mnanisikiliza mikono ikiwa kazini. Leo nataka tuzungumze juu ya kumuuliza mteja, na naomba tuanze na kitu mnachokijua vizuri sana: ndizi ya kupika.

Miaka ya 1990 migomba ya Uganda ilikuwa ikishambuliwa na ukungu unaoitwa Sigatoka nyeusi. Ukungu huo hukausha majani, na mgomba usio na majani hauwezi kujaza mkungu. Wataalamu walitafuta migomba ya kuustahimili, na baadhi ya waliyoileta ilitoka Honduras, kwenye kituo cha utafiti kinachojulikana kama FHIA. Shambani migomba hiyo ilipendeza. Majani yalibaki mabichi na mikungu ilikuwa mikubwa. Tatizo lilianzia jikoni. Ndizi zake zilipopikwa hazikulainika vile matoke yanavyotakiwa kulainika, rangi haikuwa ile ya manjano inayotamanisha, na ladha ilikuwa ngeni kinywani. Wengi wakaziacha ziive wazile mbivu, wakazikamua juisi au wakatengenezea pombe, huku matoke ya chakula cha familia yakiendelea kutoka kwenye migomba ile ile ya zamani inayougua.

Watafiti hao hawakuwa wazembe. Walishughulikia ugonjwa na mavuno, mambo ambayo mkulima yeyote angewaambia ni muhimu. Sauti iliyochelewa kusikika ni ya mtu anayemenya ndizi, anayezifunga kwenye majani, anayeziponda na kuwapakulia watoto. Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, pamoja na kituo cha kimataifa cha IITA, walizalisha machotara wa matoke papo hapo Uganda, na mwaka 2010 wakawatolea wakulima ndizi inayoitwa Kabana 6H, ambayo wengi huijua kwa jina la M9. Kati ya 2017 na 2022 ukafuata mradi mkubwa, RTBfoods, ulioongozwa na taasisi ya Ufaransa ya CIRAD. Mradi huo ulikwenda kwa wapishi na walaji wa vyakula vya mizizi na ndizi katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, ukawauliza kinaganaga: rangi gani, ulaini kiasi gani, harufu ipi, na lipi likikosekana mtakiacha chakula sahanini. Majibu ya jikoni yakapelekwa kwa mzalishaji wa mbegu ili ajue anachokitafuta kabla hajaanza.

Kuzalisha aina mpya ya mgomba huchukua miaka mingi, kwa hiyo swali lililosahaulika mwanzoni hugharimu miaka hiyo yote. Mwenye duka hapa Masimba ana bahati kubwa zaidi. Swali lake anaweza kuliuliza Jumamosi hii na Jumatatu akabadilisha mpangilio wa rafu.

Nikisema mwenye duka, nawaweka pamoja wengi. Kuna wa agroveti anayeuza mbegu na dawa za mifugo, mwenye mashine ya kusaga, mwenye kliniki ndogo, viongozi wa sako, fundi wa simu, mama anayeuza mboga za managu na chinsaga, na hata kiwanda cha majani chai, maana mkulima wa chai ni mwenye kiwanda na ni mteja wake pia. Wote hawa wanahudumia watu wa aina moja kwa jambo moja kubwa: ardhi yetu ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, nao wamewagawia wana wao. Mtu mwenye robo ekari hanunui kama mtu mwenye ekari ishirini. Hununua kwa gorogoro, kwa kifuko, kwa kipimo cha leo. Na anayemuuzia naye ana mtaji mdogo. Akijaza duka kwa bidhaa isiyohitajika, pesa za karo za watoto wake zinakaa kwenye rafu zikipata vumbi. Ndiyo maana nasema kuuliza vizuri ni kazi ya mnyonge kabla ya kuwa kazi ya kampuni kubwa. Kampuni kubwa ikikosea ina akiba ya kujikwamua nayo.

Wafanyabiashara wengi watanijibu kwamba wanawajua wateja wao. Nawaamini. Hapa kwetu mwenye duka anajua mteja ni wa ukoo gani, ameolewa wapi, na mtoto wake wa kwanza anafanya kazi gani Nairobi. Anajua pia alichonunua jana. Asichokijua ni kile ambacho mteja alikuja nacho moyoni akakikosa, akanyamaza, akanunua kiberiti ili asionekane amepita bure, kisha akapanda boda boda hadi Keroka. Kitabu cha mauzo hakiandiki safari hiyo.

Basi mwenye duka anaamua kuuliza. Anamsimamisha mteja mlangoni: mama, huduma yetu unaionaje? Na mama, aliyelelewa vizuri, anajibu kwamba mambo ni mazuri tu, mwanangu, Mungu awabariki. Angejibu nini kingine? Anaulizwa na mtu ambaye huenda kesho atamwomba deni la sukari, tena mbele ya watu. Ukimpa karatasi yenye alama za moja hadi tano, ule mtindo aliouanzisha Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, atazungushia tano au nne kwa heshima ile ile. Mwishoni mwa wiki mwenye duka anahesabu karatasi, anaona watu wote wanampenda, na hana alichojifunza.

Au anauliza swali la pili linaloonekana la maana: ungependa tukuongezee nini? Hapo mlango unafunguka. Kila kitu kinatakikana. Bei zishuke, deni liongezwe, duka lifunguliwe alfajiri na lifungwe usiku, mizigo ipelekwe nyumbani. Yote ni ya kweli, na yote kwa pamoja hayawezekani. Orodha ya namna hii tunaifahamu kutoka mahali pengine. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikatilia mkazo. Kwa hiyo tunaitwa kwenye mikutano ya wadi kusema tunachotaka kwenye bajeti. Mzee wa kwanza anasema barabara, wa pili anasema maji, kijana anasema basari, akina mama wakifikiwa wanasema zahanati na dawa, mwingine taa za soko. Karani anaandika yote. Mkutano unafungwa kwa maombi. Lakini orodha isiyo na cha kwanza wala cha mwisho inampa aliye ofisini uhuru wa kuchagua anachokitaka yeye, kisha aseme wananchi ndio waliokiomba. Jambo hili linaniuma, kwa sababu watu wameacha mashamba yao kwa nia njema, wamekaa juani tangu asubuhi, na hakuna aliyewapa nafasi ya kusema lipi litangulie.

Na njia ya kuwapa nafasi hiyo ipo, tena imetumika Kenya muda mrefu. Mwaka 1988 Charity Kabutha na Richard Ford waliandika juu ya kazi iliyofanyika Mbusanyi, huko Machakos, ambako wanakijiji walikaa na wataalamu wakachora ramani yao, wakaeleza historia ya ardhi yao, wakayapanga matatizo yao kwa uzito na kutoka hapo wakapata mpango wa kutunza mali asili ya kijiji. Chuo Kikuu cha Egerton kikashiriki kuandika kitabu cha mwongozo wa njia hizo. Katika miaka iliyofuata njia za namna hiyo zilienea Afrika nzima na Asia, na chombo kimojawapo kinachopendwa katika kazi hiyo ni punje. Mbegu, vijiwe, mahindi, chochote kilichopo. Sisi tuna maharagwe.

Hebu tuifanye hapa Masimba kwenye agroveti. Kwanza mwenye duka anakaa na wateja wachache, mmoja mmoja, anawasikiliza bila kuandika swali lolote la kuchagua. Kutokana na maneno yao anapata mambo matano hivi yanayorudiwa. Tuseme ni haya: kufungua mapema kabla watu hawajaingia kwenye chai, vifuko vidogo vya dawa na mbolea, ushauri wa mtu anayejua magonjwa, deni la kusubiri bonasi ya chai, na kupelekewa chakula cha ng'ombe nyumbani. Anachukua makopo matano matupu ya mafuta ya Kasuku, anayafunika vifuniko vyenye tundu, anabandika kila kopo mchoro wa jambo lake ili hata asiyesoma aelewe. Kisha kila mteja anaingia chumba cha nyuma peke yake na punje kumi za maharagwe mkononi. Azigawe apendavyo. Anaweza kuzitia zote kopo moja.

Peke yake, nasisitiza. Mkizigawa punje hadharani, wa kwanza atakuwa mzee anayeheshimika na wote watamfuata. Chumba cha nyuma kinamweka huru binti wa miaka ishirini kutia punje zake mahali ambapo baba mkwe hangetia.

Uzuri wa punje kumi ni kwamba zinakwisha. Mtu aliyesema anataka yote sasa ameshika punje nne za mwisho na makopo matatu mbele yake, na lazima aamue. Hapo ndipo mwenye duka anaanza kujua kitu. Lakini asikimbilie kujumlisha na kutangaza mshindi, maana jumla huficha mambo. Watu thelathini wakitia punje mbili mbili kopo la vifuko vidogo, jumla ni sitini. Watu sita wakitia zote kumi kopo la ushauri wa magonjwa, jumla ni sitini pia. Kopo la kwanza linaeleza usumbufu mdogo wa wengi. Kopo la pili linaeleza watu sita ambao huenda ndama wao walikufa mwaka huu, na ambao wanaweza kuhamia duka lingine moja kwa moja. Ukiyaona makopo hayo kuwa sawa umekosea hesabu ya maana zaidi. Kwa hiyo kila mteja akishatoka makopo yafunguliwe, naye ahesabiwe kwenye karatasi yake: punje zake zimekwenda wapi, anafuga au hafugi, anatoka upande gani. Daftari la shule na kalamu vinatosha.

Kuna jambo ambalo hata punje hazilioni, nalo ndilo ninalotaka tulikalie kidogo. Mwaka 1984 Profesa Noriaki Kano wa Japani, pamoja na wenzake, walieleza kwamba mahitaji ya wateja hayafanani kwa tabia. Kuna mambo ambayo kadiri unavyoyaongeza ndivyo mteja anavyofurahi. Kuna yale ambayo mteja hakuyatarajia, na akiyakuta anashangilia. Na kuna yale ambayo yakiwepo hakuna anayeyasifu, lakini yakikosekana watu wanaondoka. Fikirieni kituo cha kununulia majani chai jioni. Wakulima wamepanga foleni na mizigo yao, karani anapima. Ukimuuliza mkulima anataka nini, atasema bonasi iongezwe. Hatasema anataka mizani sahihi, kwa sababu mizani sahihi kwake ni jambo la kawaida. Lakini siku moja kilo zikipungua bila maelezo, hasira itakayozuka haitapozwa na bonasi yoyote. Ndivyo ilivyo kwa unga usio na mchanga kwenye mashine ya kusaga na kwa dawa ambayo muda wake haujaisha kwenye kliniki. Hayaingii kwenye orodha ya maombi hata kidogo.

Kano aliyapata mambo hayo kwa kuuliza kila jambo mara mbili. Kwanza: likiwepo utajisikiaje? Kisha: lisipokuwepo utajisikiaje? Mtu anayejibu la kwanza kwamba ni kawaida tu, na la pili kwamba hawezi kukubali, amekutajia msingi wa biashara yako. Msingi huo hauwekwi kwenye makopo ushindane na mengine. Unalindwa kwanza, kisha zilizobaki katika pesa na nguvu zako ndizo zinazogawanywa kwa punje. Mfanyabiashara akianza kupeleka mizigo nyumbani kwa watu huku mizani yake ina wasiwasi, atakuwa anapeleka wasiwasi huo hadi milangoni mwao.

Na kuhusu bonasi, kuna ukweli mwingine. Bei ya chai huamuliwa kwa sehemu kubwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi wa Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko wanashindania chai ya ukanda mzima. Kituo cha majani kule kijijini hakiwezi kuibadilisha bei hiyo kesho. Saa ya lori kufika kinaweza. Mama aliyechuma tangu asubuhi na kusubiri lori mpaka giza, na watoto hawajala, ana hitaji ambalo limo mikononi mwa watu anaowaona kila siku. Kwa hiyo baada ya kujua uzito wa jambo kwa mteja, uliza pia kama lipo ndani ya uwezo wako. Lile zito lililo nje ya uwezo wako usilifute. Liandike, umweleze mteja kwa nini, na kama lina mhusika wake, mpelekee.

Swali lingine gumu ni hili: mtu anajua kweli atakachofanya kesho? Nadhani hajui, na simlaumu. Ukimuuliza kama atanunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ukiileta, atasema ndiyo, kwa sababu wakati huo anajiona ana ng'ombe watatu na pesa mfukoni. Muulize badala yake mara ya mwisho alipokata majani alitumia nini, ilimchukua muda gani, nani alimsaidia, na je, amewahi kulipa mtu amkatie. Jana imekwisha kutokea. Inasimuliwa ilivyokuwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao mifukoni mwetu. M-Pesa haikuanza kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Vodafone, ikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilikuwa na wazo la kuwarahisishia watu wa mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Oktoba 2005 Safaricom, Faulu Kenya na Benki ya CBA wakaanza majaribio Nairobi na Thika, na wateja wasiofika 500. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walieleza baadaye walichokiona. Watu walikuwa wakitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo hayakupangwa. Walilipana kwa biashara zao ndogo, waliwanunulia jamaa waliokuwa mbali salio la simu, na waliwatumia watu wao pesa. Kulipa mkopo, jambo ambalo mpango mzima ulijengewa, kulikuwa na usumbufu wake. Waanzilishi wangeweza kung'ang'ania mpango wao wa mwanzo. Walitazama watu walichokuwa wakifanya, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa wa kutuma pesa nyumbani. Wazazi wa Kisii na Nyamira ambao watoto wao walikuwa Nairobi na Mombasa hawakuhitaji kuelezwa mara mbili, maana kabla ya hapo pesa zilikuja mkononi mwa msafiri, na msafiri angeweza kukawia wiki mbili.

Sasa tuseme maswali yako ni mazuri. Umemuuliza nani? Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa wilaya huku Kenya, Samburu, kabla ya kuwa mtafiti, aliandika mwaka 1983 kuhusu wageni wanaokwenda kuuliza hali ya vijijini. Alisema hukaa karibu na lami, huenda wakati wa kiangazi barabara zikiwa nzuri, huongea na wanaume kuliko wanawake, na hukutana na wanaotumia huduma wakawaacha wasioitumia. Nayasoma maneno yake naona Masimba yetu. Ukisimama stendi ya matatu saa nne asubuhi, utawapata waliovaa viatu safi. Mchuma chai yuko kwenye majani tangu alfajiri. Aliye bondeni, ambako boda boda hugoma kushuka mvua ikinyesha, hutamwona hapo kabisa, na huenda yeye ndiye angekuwa mteja wako mkubwa wa kupelekewa mizigo.

Wingi wa watu hautibu kosa hilo. Mwaka 1936 jarida la Marekani lililoitwa Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni kumi likiuliza watu watamchagua nani urais. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, na zikatabiri ushindi wa Landon dhidi ya Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya waliotumiwa yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi ambapo maskini hakuwa na simu wala gari, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa na hasira zao. Sasa linganisheni na majirani zetu Tanzania. Shirika la Twaweza walipoanzisha utafiti wa simu wa Sauti za Wananchi mwaka 2013, walichagua watu 2,000 kwa bahati nasibu kutoka pande zote za Tanzania Bara, wakawagawia simu na chaja za jua, ili asiye na umeme naye aweze kujibu akipigiwa. Watu 2,000 waliotafutwa hadi kwao wanaeleza nchi vizuri kuliko mamilioni waliojileta wenyewe.

Kwa duka la Masimba, wateja thelathini au arobaini watatosha ikiwa umewatafuta kwa haki. Wachukue wa barabarani na wa bondeni, wa asubuhi na wa jioni, wanaofuga na wasiofuga. Wazee waulizwe kwa Ekegusii na mtu wanayemheshimu ambaye si mwenye duka, maana kijana wa kaunta hataambiwa kwamba kijana wa kaunta ana maneno makali. Na kati ya hao wote, watu watano au sita wawe wale ambao siku hizi hawaji. Unawajua. Ulikuwa ukiwaona kila wiki, sasa wanapita na mfuko wa duka lingine wakikusalimu kwa haraka. Nenda kwao kwa heshima, usiende kuwarudisha wala kuwalaumu, useme tu unataka kujua. Mmoja kati yao anaweza kukufungulia macho kuliko wote waliosifu.

Kuna sheria pia. Ukichukua majina na nambari za simu za watu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni chumba kimoja. Mwambie mtu kwa nini unaitaka nambari yake, na usiitumie kwa jambo lingine wala usimpe mwingine. Watu wetu wamechoshwa na jumbe za mikopo na bahati nasibu kutoka kwa wasiowajua. Kama nambari haina kazi, usiichukue.

Halafu majibu yarudishwe, na hapa wengi tunaanguka. Tumeulizwa na wanafunzi wa vyuo, na wagombea, na miradi yenye magari meupe. Wanajaza karatasi wanaondoka, hatuyaoni tena maneno yetu. Ndiyo maana mtu akiona daftari siku hizi anauliza kuna nini ndani yake, na ana haki. Mwenye duka aandike kwenye karatasi kubwa, aibandike mlangoni: mlisema haya, hili la kwanza limeanza Jumatatu, hili la pili litaanza mwezi ujao, na hili la tatu, deni la kusubiri bonasi, siliwezi kwa sasa kwa sababu mimi mwenyewe nanunua kwa pesa taslimu. Mteja atakasirika kwa hilo la tatu? Pengine. Lakini ataona punje zake zimehesabiwa.

Na aandike pia siku ya kuuliza tena. Napendekeza mara mbili kwa mwaka, kwa kufuata mifuko ya watu wetu. Ya kwanza iwe Februari, karo ya Januari imeshakausha nyumba na mashamba yanaandaliwa kwa mvua ya masika. Ya pili iwe baada ya bonasi ya chai, mwezi wa Oktoba au Novemba. Mtu yule yule, mwenye punje kumi zile zile, atazigawa tofauti misimu hiyo miwili. Mwenye kuuliza baada ya bonasi tu ataagiza bidhaa za watu wenye pesa, kisha Februari ashangae wamekwenda wapi. Kwa hiyo agroveti, sako, kliniki na vituo vya majani vya Masimba, Gesusu na Kiamokama, anzeni na Februari.